Zizi Limejaa, Kidonge Nusu

"Ng'ombe hawa ni wa nani, mayu?"

"Wangu."

"Wote?"

"Umemwona mwingine hapa anayewafungulia asubuhi?"

Sajenti Felisita Ndaki, wa ofisi ya upelelezi ya wilaya, alishusha kalamu. Alikwisha kuhoji wezi waliokana mbuzi huku manyoya ya mbuzi yamewaganda begani. Lakini mtuhumiwa anayekimbilia kukiri kama aliyeitwa kwenye nyama ya harusi, huyo alikuwa wa kwanza.

Mtuhumiwa mwenyewe, mayu au mama kwa Kisukuma, alikuwa Esteria Sayi, mjane wa kitongoji cha Mwadoto, nyuma kidogo ya Mwamapalala. Alikaa kwenye kigoda mlangoni pake, miguu imevimba hadi vifundo vimepotea, akipeta mtama kana kwamba polisi ni jirani aliyekuja kuomba moto. Jalada lilimweleza kwa maneno machache: amejipatia msamaha wa matibabu kwa udanganyifu.

Kwa muda mrefu Esteria alikuwa akichukua dawa za presha zahanati bila kulipa, kwa kuwa kijiji kilithibitisha kwamba kaya yake haina uwezo. Umri wake haukuwa umefika ule wa kadi ya wazee. Mlango wake pekee ulikuwa huo wa umaskini. Kisha ukaja uhakiki. Ofisa kutoka wilayani alisimama mbele ya mkutano, akanyoosha kidole kwenye zizi lililojaa, akauliza ng'ombe wale ni wa nani. Esteria akajibu mbele ya watu wote kama alivyojibu sasa. Jina lake likafutwa, na malalamiko yakaenda polisi.

"Mayu, unajua jibu hilo linakupeleka mahakamani?"

"Nasikia."

"Na linakunyima dawa?"

"Hilo sihitaji kusikia. Miguu inaniambia."

"Basi uza ng'ombe mmoja ununue dawa. Mbona rahisi?"

Esteria aliacha kupeta. Alimtazama sajenti toka kofia hadi buti, kwa huruma ya mtu anayemtazama mtoto aliyevaa shati nje ndani.

"Wewe ni mtu wa wapi?"

"Lamadi."

"Ahaa! Watu wa ziwani. Ng'ombe wenu ana magamba, mkishamla mnamtupa miiba." Alicheka peke yake mpaka ungo ukatikisika. "Ng'ombe hauzwi kwa sababu miguu ya mtu imevimba, ng'wanone, mwanangu. Kunywa maziwa hayo kabla nzi hawajakutangulia."

Felisita alikunywa. Maziwa yalikuwa mgando mzito, matamu, na hayakusaidia upelelezi hata kidogo.

Upekuzi ulifanyika kwa taratibu zake, mbele ya shahidi, naye shahidi alikuwa Mashimba, mwenyekiti wa kitongoji, ambaye pia ndiye aliyetia saini yale malalamiko. Mwanamume huyo mrefu alikuwa ameegemea nguzo ya zizi tangu asubuhi, akitazama kila mahali isipokuwa usoni kwa Esteria.

Ndani hapakuwa na utajiri wa kujificha. Kitanda cha kamba. Majembe mawili. Pamba ya mwisho wa msimu kwenye gunia lisilojaa. Juu ya mwamba wa paa la nyasi, mkono wa sajenti ulikuta kopo la mafuta ya kujipaka. Alilitikisa, likalia kama njuga.

Ndani mlikuwa na vidonge. Vya njano, na vyote ni nusu.

"Hivi ni vyako, mayu?"

"Vyangu."

"Leo kila kitu ni chako. Unavikata mwenyewe?"

"Mwenyewe. Nakata ili vidumu."

Felisita alivimwaga kiganjani, akaenda navyo mlangoni penye mwanga. Alivigeuza kimoja kimoja kwa ukucha. Kidonge cha aina ile kina mstari katikati. Upande mmoja wa mstari huo kimechapwa herufi, upande wa pili kitupu. Kila nusu iliyokuwa kiganjani mwake ilikuwa na herufi. Akarudia tena kuvigeuza. Hapakuwa na nusu hata moja tupu.

"Ukipasua kiazi, mayu, unapata vipande vingapi?"

"Viwili. Lamadi vinatoka vitatu?"

"Sasa hapa kuna kipande cha upande mmoja tu. Cha upande wa pili kiko wapi?"

"Nimekimeza."

"Kila siku unaanza na kile kisicho na herufi, chenye herufi unakiweka?"

"Afande, mimi sijui kusoma. Herufi nitaijulia wapi?"

Alilisema kwa ushindi, na mara akagundua kwamba ushindi ule haukuwa wake. Aliinama, akaendelea kupeta mtama uliokwisha kupetwa.

Sajenti hakumsukuma. Alivirudisha vidonge koponi, akavifunga kwenye mfuko wa vielelezo mbele ya shahidi, kisha akamwambia Mashimba wakaangalie ng'ombe.

Zizi lilinuka samadi na majani makavu. Felisita alipita katikati ya pembe kwa tahadhari ya mtu aliyelelewa na sangara, na ng'ombe wakampisha kwa dharau. Aliangalia masikio. Sikio la kushoto la kila mmoja lilikuwa limekatwa ncha, kisha chini yake mkato mdogo kama wa kisu cha kupasulia samaki. Mkono uliokata ulikuwa mmoja.

"Mwenyekiti, ng'ombe wako wana alama gani?"

"Tundu, sikio la kulia. Maksai wangu wale pale wanavuta mkokoteni. Nenda ukawakague."

Alikwenda, akawakagua. Tundu, kulia. Akarudi.

"Umesikitika?" Mashimba alimwuliza.

"Kidogo. Uso wako unafaa sana kuwa wa mwenye hatia."

"Hata mama yangu alikuwa anasema hivyo."

"Hawa ni wa nani?"

"Amesema ni wake."

"Sikukuuliza alichosema."

Mashimba alichomoa ubua kwenye ua wa zizi, akauvunja vipande. "Afande, nikueleze desturi, basi. Si habari za mtu, desturi tu. Kwetu mtu anaweza kumwekea mwenzake ng'ombe. Mwenye kuwekewa anachunga, anakamua, anakunywa. Maziwa ni yake, samadi ni yake. Ng'ombe si wake, hauzi. Na mgeni akimwuliza ni wa nani, anasema ni wangu. Hiyo ndiyo ahadi yenyewe. Akiulizwa na mwizi, ni wangu. Akiulizwa na bwana mifugo, ni wangu."

"Akiulizwa na ofisa wa serikali mbele ya mkutano?"

"Ofisa si mgeni?"

"Na jirani anayejua?"

"Jirani hasemi kitu asichowekewa yeye."

"Kwa hiyo hawa wamewekwa."

"Nimekueleza desturi, afande. Hawa sijawataja."

"Na wewe ukatia saini malalamiko huku unajua desturi."

Ubua uliisha mkononi mwa Mashimba. "Niliamriwa niandike alichosema. Nikaandika alichosema. Tangu siku hiyo mke wangu ananipakulia ugali bila kuniangalia."

Felisita alikwisha kuelewa, na hakuhitaji ng'ombe kuelewa. Baba yake alivua maisha yake yote kwa mtumbwi wa mtu mwingine. Kila ofisa wa leseni aliyefika mwaloni aliambiwa mtumbwi ni wa Ndaki, na Ndaki alikufa hana hata kasia. Kilichobaki sasa kilikuwa kumpata mwenye mtumbwi. Mahakamani desturi ni hadithi tamu, lakini jalada linataka mtu mwenye jina. Bila jina hilo, neno la Esteria lingebaki pale pale: wangu.

Njia ilikuwa ndani ya lile kopo. Mahali fulani kulikuwa na mtu anayemeza nusu zisizo na herufi.

Siku hiyo ilikuwa ya kliniki ya presha. Felisita alipofika zahanati kwa pikipiki alikuta benchi limejaa, akaingia kwa mlango wa nyuma. Nesi Martha alitazama nusu zile ndani ya mfuko wa vielelezo bila kuzishika.

"Si cha Esteria," alisema. "Dawa yake ni nyeupe, na tangu jina lifutwe hajaja kuchukua. Niliwahi kumwita. Akaniambia hataki kunitia matatani na wakubwa wangu. Hii ya njano ina nguvu zaidi. Anameza hii?"

"Nusu yake."

Martha alikaa. "Dawa ya mtu mwingine! Anaweza kuanguka akichota maji, asiinuke."

"Nani anapewa hii?"

"Hilo siwezi kukujibu, dada. Mgonjwa wangu ni mgonjwa wangu. Lete amri ya mahakama."

"Vizuri. Nikikaa tu hapo nje kivulini, napumzika, kuna sheria inanizuia?"

"Benchi ni la serikali," alisema Martha.

Felisita akaenda kukaa. Mlango wa chumba cha kupimia haukufunga vizuri, na nesi Martha, kwa kawaida mtu wa sauti ya chini, siku hiyo alikuwa na sauti ya mnadani. Mgonjwa mmoja aliingia akatoka, presha nzuri. Wa pili vivyo hivyo. Wa tatu alikuwa mzee mwembamba mwenye kofia ya ukindu, aliyeingia akiutania mlango kwamba unapiga kelele kuliko mke wake marehemu.

"Guku Kasmiri!" sauti ya Martha ilisikika ikimwita babu huyo. "Mwezi jana ilipanda, leo imepanda zaidi. Hizi dawa unameza au unawapa kuku?"

"Nameza, mayu."

"Nzima?"

Mzee alisikika akikohoa.

"Nakuuliza, nzima?"

"Kuku wangu wana presha nzuri sana," mzee alijibu.

Alipotoka, dawa zake za bure mfukoni na kadi ya wazee wasiojiweza mkononi, alikuta nafasi imeachwa kwenye benchi kando ya askari mwanamke. Hakukuwa na nafasi nyingine. Akakaa.

"Mwangaluka, guku."

"Mwangaluka, mwanangu. Polisi nao wana presha?"

"Tunaipata kwa watu kama nyie. Unamfahamu mama Esteria Sayi?"

"Namfahamu. Mume wake alikuwa rafiki yangu. Tulichunga pamoja tangu hatujavaa suruali."

"Unampelekea nusu ya dawa zako."

Mzee alivua kofia, akaipuliza vumbi ambalo halikuwapo. "Ni kosa?"

"La kimapenzi au la jinai?"

"Lolote lenye kifungo kifupi."

Felisita alicheka, akamwacha acheke naye. Sababu ilikuwa hiyo, basi: mzee anampenda mjane wa rafiki yake, anamkatia kidonge. Jambo zuri, halina hatia kubwa, na halimsaidii Esteria hata chembe. Alifunga kitabu chake. Kisha akasema, kwa sauti ya mtu anayezungumzia mvua:

"Mimi namwonea huruma tu kwa kesho. Ng'ombe ni vielelezo. Nikiomba lori, wanabebwa wote mpaka Bariadi, wanakaa polisi hadi kesi iishe."

"Wote?"

"Wote."

"Na yule mwekundu mwenye mimba? Atapandaje lori? Amebakiza siku chache, na safari yake ya kwanza ndama alitanguliza miguu ya nyuma..."

Alijiziba mdomo kwa kofia. Lakini maneno yalikwisha kuvuka uzio.

"Guku," Felisita alisema taratibu, "mimi nimekuwa ndani ya lile zizi asubuhi nzima na sikujua yupo mwenye mimba. Wewe uko hapa na unajua alizaaje safari iliyopita."

Kasmiri alitazama kadi iliyokuwa mkononi mwake.

"Nina wana watatu," alisema. "Walikuwa wanaingia zizini wakati nimelala, wanauza mmoja, wanawekea mikeka ya kamari ya mpira. Timu zenyewe za Ulaya. Ng'ombe wa baba yangu akaliwa na Waingereza! Nikawahamisha waliobaki, nikampelekea Esteria. Alikuwa mjane, hana maziwa. Tukakubaliana. Wanangu wanadhani nimewauza."

"Na hiyo kadi?"

"Walipokuja kuhakiki kwangu walikuta zizi limeota magugu. Wakaandika hana kitu. Sikuwaambia uongo."

"Ukweli je, uliwaambia?"

"Hawakuuliza." Aliigeuza kadi. "Siku ile ya mkutano nilikuwa nimekaa mstari wa mbele. Walimwuliza wa nani, akasema wangu. Hakuniangalia hata kidogo, asije akanitaja kwa macho. Nikajua nikisimama, wanangu watasikia, na kadi itakwenda. Mdomo ukawa mzito, mwanangu. Nikarudi nyumbani nikachukua wembe, nikaanza kukata vidonge. Nusu yenye maandishi nampa yeye, nikidhani ndiyo yenye nguvu. Niliona ndiyo haki: yeye ananitunzia ng'ombe, mimi namtunzia nusu."

"Nesi anasema mnauana wote wawili polepole. Dawa yako haimfai, na nusu haikutoshi."

Jambo hilo alikuwa halijui. Uso wake ulionyesha. Aligeuka kuutazama mlango wa chumba cha kupimia, kisha akasimama ghafla kuliko magoti yake yalivyotarajia.

"Hiyo pikipiki yako inabeba mzee?"

Walifika Mwadoto wakati ng'ombe wanarudi malishoni, vumbi likiwatangulia. Mashimba alikuwapo, Felisita alimwita kwa simu kama shahidi. Esteria alipoona nani kashuka kwenye pikipiki ya polisi, alisimama kwa shida, akatia mikono kiunoni.

"Wewe mzee umefuata nini?"

"Nimekuja kusema."

"Huna la kusema. Rudi ukalale."

"Afande," Kasmiri alivua kofia, "andika. Ng'ombe hawa ni wangu."

"Ni wangu!" alisema Esteria.

"Ni wangu, mayu. Yamekwisha."

"Anasema uongo huyu! Jua limempiga! Ni wangu wote, na huyo mwekundu ndiye wangu zaidi!"

Felisita alitazama jalada, akawatazama. "Asubuhi nilikuwa natafuta mwenye mali. Sasa ninao wawili, na kila mmoja anataka kuibeba kesi ya mwenzake. Mwenyekiti?"

Mashimba alikwisha kulisogelea zizi. Kwa mara ya kwanza siku nzima alimtazama Esteria usoni.

"Mwenyewe amesema kwa mdomo wake, kwa hiyo na mimi nimefunguliwa," alisema. "Mkato wa sikio la kushoto ni wa ukoo wa Kasmiri. Baba yake aliwakatia, babu yake aliwakatia. Kila mtu hapa anajua."

"Utatia saini?"

"Lete kalamu."

"Watakunyang'anya kadi!" Esteria alimpigia kelele Kasmiri. "Wanao watakuja kesho na kamba! Mimi nilisema nitanyamaza, nikanyamaza. Nani alikutuma uje uharibu?"

"Wewe umenitunzia ng'ombe," alisema mzee. "Nami nikakaa nikatazama mtunzaji anavimba miguu. Wakija na kamba watanikuta mlangoni. Kadi waichukue. Maksai mmoja nitampeleka mnadani mwenyewe, mchana, wanangu wakiona, nikate bima ya afya kama watu wenye ng'ombe wanavyokata."

Sajenti alisogea pembeni akampigia simu ofisa ustawi wa jamii wa wilaya. Alimsomea maelezo ya Kasmiri na ya mwenyekiti, akasikiliza, akauliza swali moja, akasikiliza tena. Alimtaka pia azungumze na nesi Martha, mgonjwa apewe dawa zake nyeupe kesho asubuhi wakati karatasi ziko njiani. Kuhusu mzee alieleza ukweli wote, kwa kuwa ndio aliokuja kuusema, na hakuupaka sukari; aliongeza tu kwamba amejitokeza kwa miguu yake.

Aliporudi alisema: "Malalamiko yataondolewa. Jina litarudi. Lakini linatakiwa jambo moja, mayu. Wewe ndiye uliyekiri mbele ya mkutano. Lazima ukanushe kwa mdomo wako."

Ng'ombe walikuwa wanaingia zizini mmoja mmoja, na yule mwekundu alipita akimgusa nyonga kama anayeomba njia. Esteria alimgeukia Kasmiri, akauliza kwa Kisukuma, sauti ya chini, kama aseme.

Mzee aliitikia kwa kichwa.

"Si wangu," Esteria alisema. Akarudia, kwa sababu mara ya kwanza ilitoka kama pumzi. "Hawa ng'ombe si wangu."

Felisita aliandika. Aliandika polepole kuliko kawaida, maana mama alikuwa anafuta uso kwa ncha ya khanga na hakutaka kumaliza kabla yake.

"Sehemu ya mwisho," alisema. "Ofisi inahitaji kujua mali ya mhusika. Mali yako hasa ni ipi, mayu?"

"Kuku."

"Kuku. Ee?"

"Majembe mawili. Hiyo pamba uliyoiona."

"Kingine?"

Esteria alifikiri. Alimtazama Kasmiri, ambaye alikwisha kuinama chini ya ng'ombe mwekundu, anampapasa tumbo na kumnong'oneza mambo yao.

"Na huyo mzee msumbufu," alisema. "Lakini huyo usimwandike, ng'wanone. Wataniona tajiri, waninyime dawa tena."